Kikombe cha Oili Kila Asubuhi

Kaka wa mke wangu alifukuzwa kazi kwa wizi wa oili ambao haukutokea, na aliyesababisha ni mimi. Naliweka hilo mbele kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikianza kuisimulia habari hii mahali pengine, na kila nilipoanzia mahali pengine niliishia nikiwa mtu mzuri.

Ilikuwa Voi, katikati ya miaka ya sabini. Kampuni ndogo iliyotuajiri ilikodisha karavani, yaani vyumba vya bati vyenye magurudumu, kwa watalii waliotaka kulala mbugani lakini si chini kwenye hema. Tulikuwa na tatu. Nyuma ya kila moja kulikuwa na sanduku la chuma lenye mlango wa matundu, na ndani yake jenereta ya dizeli ya silinda moja, ya kuwasha taa, feni na friji. Mtalii aliweza kuvumilia simba akinguruma karibu na dirisha, lakini bia ya moto hakuivumilia hata kidogo. Jenereta ikizima, safari imeharibika, na barua ya malalamiko iko njiani.

Mimi nilishika ufunguo wa stoo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne karibu na Wundanyi, nilijua Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vilivyokuja na mashine, na nilijiona mtu wa kupimwa kwa mizani nyingine. Shemeji alikuwa fundi. Yeye aliachia shule darasa la nne, akajifunza injini kwenye shamba la mkonge kule Mwatate, akishika spana miaka kumi na miwili chini ya fundi mzee aliyekuwa akimpiga kwa maneno. Ndiye aliyenipatia kazi ile. Alimwambia mwenye kampuni, mtu aliyetoka ng'ambo, kwamba ana shemeji anayejua kusoma. Hilo nalo nilikuwa na tabia ya kulisahau.

Mwanzoni tulitaniana kama mashemeji wanavyopaswa kutaniana.

"Shemeji msomi," angeita asubuhi, akigonga mlango wa stoo kwa spana, "fungua. Watu wa mikono wanataka kufanya kazi."

"Ngoja. Watu wa kichwa bado wanafikiri."

"Fikirieni upesi. Jua la Voi halikwenda shule, halitawangojea."

Nilimtazama akifanya kazi, mwanzoni kwa kupenda. Alikuwa na utaratibu ambao haukubadilika hata siku ya mvua. Kwanza aliiweka karavani mahali pa usawa, akichungulia kwa jicho moja, kwa sababu kijiti cha kupimia oili hudanganya injini ikiinama. Alikichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, ndipo akakisoma. Alifungua kikombe cha kioo chini ya tangi la dizeli, akamwaga maji yaliyotuama. Alipitisha brashi kwenye mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya nje, ili injini ipoe vizuri. Alikaza bolti moja moja, akizigusa kwa kidole kwanza kama mtu anayehesabu meno ya mtoto. Mwisho kabisa alifungua bakuli la kichungi cha hewa.

Bakuli hilo ndilo lililotugombanisha. Hewa inayoingia kwenye injini ya aina ile hupita kwanza juu ya oili iliyo ndani ya bakuli. Vumbi hunaswa humo, hewa safi ikaendelea na safari yake. Shemeji alilimwaga bakuli, akaliosha kwa dizeli, akalifuta, kisha akajaza oili mpya hadi kwenye alama. Kikombe kimoja. Alisafiri pamoja na watalii, na wakiwa mbugani alifanya hivyo kila asubuhi, kwa kila jenereta.

Sasa piga hesabu jinsi nilivyoipiga mimi. Injini yenyewe ilibeba lita mbili za oili. Kwa safari ya siku kumi, shemeji aliomba mkebe wa lita nne juu ya ile iliyokuwa tayari ndani. Aliporudi mkebe ulikuwa karibu mtupu. Nilimuuliza oili imekwenda wapi.

"Kwenye bakuli, shemeji."

"Lita tatu?"

"Kikombe kikombe hujaza pipa."

"Na kwa nini usiweke oili chafu, ile unayoimwaga kutoka kwenye injini?"

Akacheka. "Wewe humnawisha mtoto uso kwa maji uliyofulia?"

Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionitia shaka. Niliona kwamba mtu mwenye jibu tayari ni mtu aliyejua ataulizwa.

Kuanzia hapo kila alichofanya kilikuwa na kivuli. Barabara kuu ya Mombasa ilipita karibu na uwanja wetu, na madereva wa malori walisimama hapo kunywa chai. Ilijulikana kwamba walinunua oili na dizeli kwa bei ya kunong'ona. Nilimwona shemeji akizungumza na dereva mmoja, wote wawili wameegemea tairi, na yule dereva akampiga bega. Nilijiuliza mtu hupigwa bega kwa sababu gani. Jumamosi moja alipokuwa akienda kwao Marungu nikamwona amebeba mkebe uliofungwa kwa kitambaa.

"Mzigo gani huo?"

"Oili chafu. Nguzo za boma la mbuzi zinaliwa na mchwa. Ukizipaka hii, mchwa wanazipita kama hawazioni."

Watu wote wa upande ule wa Marungu walipaka nguzo zao oili chafu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempakia mama mkwe wangu nguzo za jikoni. Nililijua hilo. Hata hivyo nilimwacha aende, nikasimama nikimtazama mpaka akapinda kona, nikiwa na uhakika kwamba mle ndani mna oili mpya. Mfuniko wa mkebe ulikuwa wa kuzungusha. Kuufungua kungechukua pumzi mbili. Sikuufungua. Leo naamini niliogopa kukuta alichosema.

Wiki iliyofuata nikakitafuta kitabu cha jenereta. Kilikuwa kwenye droo, kwa Kiingereza, kikiwa na michoro. Nikapekua mpaka kwenye ukurasa wa kichungi cha hewa, na pale palikuwa pameandikwa wazi kwamba oili ya bakuli ibadilishwe kila baada ya saa mia za kazi. Saa mia! Yeye alikuwa anaibadilisha kila baada ya saa saba au nane. Nilikifunga kitabu kwa furaha ambayo hata wakati huo niliijua si furaha safi. Sikufunua ukurasa unaofuata.

Asubuhi yake alipokuja kuchukua oili ya safari, nikampa nusu lita.

"Hii ni ya kuonja?" akauliza.

"Ni ya kuongezea injini ikipungua. Bakuli utalibadilisha mkirudi. Kitabu kinasema saa mia."

"Kitabu kiliandikwa wapi?"

"Ulaya, kilikotengenezwa."

"Huko kwao wana vumbi la hapa?" Akainua mguu, akanionyesha kiatu chake. Kilikuwa chekundu hadi kwenye kamba. "Hili linaingia hata kwenye yai. Shemeji, injini inapumua. Ukiiziba pua kwa tope, itakunywa tope."

"Mimi nafuata kitabu."

"Basi niandikie. Andika kwa mkono wako kwamba wewe umesema."

"Kwani mimi ni hakimu niandike hukumu? Nimesema, imetosha."

Nadhani hapo ndipo alipojua ninamdhania nini, kwa sababu hakutania tena. Alichukua nusu lita yake akaondoka.

Mkebe wa stoo ukaanza kudumu. Wiki mbili, tatu, oili iko pale pale. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili: nimeziba tundu, panya amekosa njia. Nikamwambia mke wangu jikoni, huku akichambua mboga, kwamba kaka yake alikuwa akiiba na mimi nimekomesha bila kumfedhehesha. Alisimamisha mikono.

"Una hakika?"

"Nimesoma kitabu," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Aliheshimu vitabu kuliko nilivyoviheshimu mimi.

Kisha ikaja kiangazi. Karavani ya kwanza, iliyofanya kazi kuliko zote, ikaanza kutoa moshi wa buluu. Kuiwasha kukawa kazi ya watu wawili. Na oili, ambayo nilidhani nimeiokoa, ikaanza kupotea tena, sasa kutoka ndani ya injini yenyewe. Asubuhi kijiti kinaonyesha imejaa. Jioni imeshuka robo. Fundi yeyote angesema ringi za pistoni zimekwisha na injini inachoma oili yake. Shemeji aliliona, akaniambia mara mbili. "Hii imeshakunywa mchanga, shemeji. Tuifungue mapema."

Mimi nilisikia mtu anayetafuta njia mpya. Nikadhani amegundua kwamba mkebe una macho, sasa anamwaga kutoka chini ya injini wakiwa mbugani, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Kwa hiyo siku moja alipokwenda kula nikaingia chini ya sanduku, nikafunga waya mwembamba kwenye bolti ya kumwagia oili na kuupaka rangi nyeupe kwenye fundo. Akiifungua, rangi itapasuka.

Walirudi baada ya siku sita. Nilikimbilia chini ya sanduku kabla hata vumbi halijatulia. Fundo lilikuwa zima, rangi haina mkwaruzo. Oili ilikuwa imepungua nusu.

Nilikaa pale chini, mgongo kwenye kokoto, nikiwa nimeshika jibu mkononi. Bolti haijafunguliwa na oili haipo, kwa hiyo injini imeila. Mtoto wa darasa la tatu angefika hapo. Mimi niliwaza: ametumia mpira, amenyonya kupitia tundu la juu. Nilimwona mjanja zaidi kuliko jana. Ukishaanza kumshuku mtu namna ile, hana njia ya kukuonyesha kwamba ni mwema. Akionekana ana kosa, ni mwizi. Asipoonekana, ni mwizi hodari.

Injini ilinoki katika safari iliyofuata, mbali ndani ya mbuga. Ilikwama ghafla na kupasua chuma kinachobeba pistoni. Familia ya watalii ilikaa siku mbili bila maji baridi, nyama yote ikaoza, na wakaja wakidai fedha zao uwanjani mbele ya wateja wengine. Mwenye kampuni alituita sisi wawili tukasimame karibu na ile karavani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekasirika na alitaka kujua.

"Fundi ni nani?"

"Mimi," akasema shemeji.

"Oili ilikuwamo?"

"Ilikuwamo. Nilikuwa naongeza kila siku, mpaka niliyopewa ikaisha. Injini ilikuwa inaila."

Mwenye kampuni akanigeukia. "Wewe unatoa oili. Imekuwa ikipotea?"

"Oili imekuwa ikipotea tangu zamani, bwana," nikasema. Kila neno lilikuwa la kweli.

Shemeji akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Shemeji, mwambie lile la bakuli."

Nilikuwa na nafasi. Bado naiona, ina upana wa mlango. Ningesema tu kwamba mimi ndiye niliyemkataza kubadilisha, na mwenye kampuni angeamua mwenyewe. Lakini nilikuwa na kazi, na nilikuwa na mke niliyekwisha kumwambia kwamba nina hakika, na nilikuwa na sifa ya mtu asomaye.

"Bakuli gani?" nikauliza.

Alikusanya spana zake mchana ule ule. Zilikuwa zake mwenyewe, alizinunua moja moja akiwa kwenye mkonge. Alizifunga kwenye gunia, akapita mbele ya stoo bila kugonga mlango.

Mke wangu hakwenda kwao tena isipokuwa kwa matanga. Alisema hawezi kuketi na mtu aliyeniaibisha kazini. Watoto wetu walikua bila mjomba, na mjomba yuko mwendo wa asubuhi moja tu.

Ukweli niliupata miezi miwili baadaye, bila kuutafuta. Mwenye kampuni alimleta makanika kutoka Mombasa kufungua ile injini. Mtu mnene, mwenye kofia ya kufuma, Kiswahili chake cha pwani kimenyooka. Alipotoa silinda akapitisha ukucha ndani yake, ukasikika ukikwaruza. Kisha akaingiza kidole kwenye bomba la hewa, akakitoa kina tope jekundu zito. Akaniita.

"Bwana wee, njoo utazame. Hili bakuli lilikuwa likioshwa lini?"

"Kila saa mia. Kama kitabu kinavyosema."

"Saa mia? Hapa Voi?" Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Hicho kitabu hebu kilete."

Nikakileta. Alifungua ukurasa ule niliousoma, akaufunua, akaweka kidole chenye tope juu ya mstari wa kwanza wa ukurasa wa pili. Palisema kwamba mahali penye vumbi jingi bakuli lioshwe na kujazwa oili mpya kila siku.

"Aliyeniita alisema mlikuwa na fundi mwizi," akasema. "Mwizi gani huyo aliyeiweka injini hii hai miaka yote hiyo?"

Alama ya kidole chake ilibaki kwenye karatasi, na kila nilipotaka kufungua droo niliiona ile alama moyoni kabla ya kuigusa droo kwa mkono. Nilibadilisha utaratibu, ndiyo. Fundi mpya alipewa oili yake bila swali, kikombe kila asubuhi, na jenereta zile mbili zilizobaki zilifanya kazi vizuri mpaka kampuni ilipouzwa. Hilo nililifanya upesi. Lile jingine, la kusema, nililiahirisha. Nilijiambia nitamwambia mwenye kampuni akitulia. Alipotulia nikajiambia mambo yamepoa, ya nini kuyachokoa. Mwishowe akauza kila kitu akarudi ng'ambo, na siku ya kuagana alinipa mkono, akanishukuru kwa uaminifu wangu.

Nilikaa na jambo lile miaka sita. Kilichonitoa ni mama mkwe wangu. Aliugua, akataka kuwaona watoto wake wote chini ya paa moja, nasi tukaenda Marungu. Shemeji alikuwapo. Nywele zimeanza kuingia mvi. Chakula kilipoandaliwa, mama alisema mtoto wake wa kiume na wa kike wale sahani moja kama walivyokula utotoni. Mke wangu alisimama.

"Mama, nisamehe. Siwezi kula sahani moja na mwizi."

Mama yule alifumba macho. Shemeji alinitazama mimi, si dada yake, akaisogeza sahani yote upande wa dada, akatoka nje. Na mimi, baada ya hayo yote, nilinawa mikono nikala.

Nilimwambia mke wangu asubuhi yake, tukiwa njiani kuelekea barabara kuu. Nilimwambia kila kitu: kitabu, bakuli, waya, ukurasa wa pili, na lile swali langu la "bakuli gani." Alisikiliza akitembea. Nilipomaliza alisimama.

"Umelijua tangu lini?"

"Miaka sita."

"Na jana umelisikia nikilisema, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alishusha kikapu, akatoa vitu vyangu, shati na sabuni, akaviweka juu ya jiwe. Kisha akageuka akarudi kwa mama yake. Sikumfuata siku ile. Nilimfuata baada ya siku tatu, lakini kwanza nilikwenda kwa shemeji, kwa sababu hata mimi nilijua kwamba pa kuanzia ni hapo.

Alikuwa akiendesha mashine ya kusaga unga karibu na soko, mali ya mtu mwingine. Wanawake kama kumi na wawili walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Injini ilikuwa inanguruma, mkanda unapiga, unga umemfunika mpaka kwenye kope. Nikasimama mlangoni, nikasema nimekuja kuomba msamaha. Hakusikia. Nikasema kwa sauti. Akaweka mkono sikioni.

"Nasema nilikukosea!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Nilikukosea!"

Alinyoosha mkono akazima injini. Mkanda ukazunguka mara chache ukatulia. Kimya kikawa kikubwa kuliko ile kelele, na wale wanawake wote wakanigeukia.

"Sema sasa," akasema. "Nasikia vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia faraghani. Nilitazama zile ndoo, nikatazama nyuso, na nyingine zilikuwa za ukoo wa mke wangu. Nikasema. Nikasema kwamba mtu huyu hakuiba oili hata tone, kwamba injini iliharibika kwa amri yangu, kwamba nilipoulizwa nilimkana, na kwamba kwa miaka sita nilijua na nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba mle ndani. Mama mmoja akasema, "Haya kumbe," polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo wa mwingine.

Shemeji alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hawa umewaambia," akasema. "Dada yangu umemwambia, amekuja hapa juzi akalia mpaka nikaogopa. Na yule mwenye kampuni?"

"Aliuza. Alirudi ng'ambo."

"Una anwani yake?"

"Sina."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama anapokea habari za kifo cha mtu wa mbali.

"Basi huko aliko, yupo mtu mmoja anayenijua mimi ni mwizi," akasema. "Na huyo ndiye niliyemfanyia kazi."

Nilingoja aongeze neno, la kunifukuza au la kunikaribisha. Alishika mkono wa injini, akauzungusha, ikakohoa mara mbili, ikashika. Kisha akamwashiria mama aliyekuwa mbele kwenye foleni alete ndoo yake.